Nyumba Isiyo na Mchwa

Siku mliyoniaga mlinipa chupa ya chai, vitenge viwili na saa ya ukutani, na yule kijana wa maabara akasimama akasema niandike kidogo kuhusu kazi ili nyie msianze kila kitu upya. Nikacheka, nikasema nitaandika nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo mpaka inachosha. Naamka saa kumi na moja alfajiri kama mtu mwenye gari la kuwahi, navaa, nachemsha chai, halafu nakaa nayo. Saa yenu inagonga ukutani. Basi naandika.

Vyeo sitaviandika, vilikuja vimechelewa kama mabasi ya Krismasi, na mshahara wetu mnaujua wenyewe. Nitaandika kazi yenyewe: kwenda mahali palipokuwa na kiwanda, kikafa, kikaacha sumu ardhini, halafu tunaletwa sisi na masepetu na viroba kudeki baada ya sherehe ambayo hatukualikwa. Na nitaandika kuhusu nyumba moja upande wa Kilolo, karibu na Ilula, kwa sababu kuna kitu nataka mnifanyie pale.

Nilianza Mbeya. Cheti changu kinasema Subilaga, lakini mtu aliyenipokea, Mzee Mwanjala, aliniita Suba kabla sijamaliza kujitambulisha, na jina likaganda hapohapo. Yeye alikuwa msimamizi wa kikosi. Mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na mwenye kisukari alichokuwa anakificha kwa kunywa chai kavu akidai ndivyo anavyoipenda. Mimi nilikwenda na ovaroli niliyoipiga pasi ikasimama mikunjo. Akanikabidhi gambuti namba tisa. Nikamwambia mimi navaa tano. Akasema nitakua.

Kiwanja chenyewe kilikuwa karakana ya zamani ya betri za magari. Nilitegemea tufungue geti tuanze kuchimba. Mzee akautia ufunguo mfukoni, akanigeuza, tukaanza kuzunguka mitaa ya jirani kwa miguu. Kutwa nzima tulikuwa tunasalimia watu. Mama wa uji, fundi baiskeli, mwalimu mstaafu aliyetukalisha saa nzima akitusimulia mgongo wake. Kila salamu ikiisha, ugonile zimekwisha, ndaga zimekwisha, Mzee anauliza swali moja tu: vitu vya mle ndani vilienda wapi? Neno sumu hakulitaja hata mara moja.

Jioni miguu inaniwaka moto kwenye zile gambuti, nikamuuliza kwa nini tumepoteza siku. Akanijibu bila kunitazama: "Uzio tumeujenga sisi, Suba. Sumu haijawahi kuuona." Kesho yake tukaenda kwenye nyua tatu tulizoambiwa na yule mama wa uji, na kwenye nyua zote tatu maganda ya betri yalikuwa yamepangwa vizuri kuzunguka bustani za mchicha.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na akanifundisha iwe yangu. Kiwanda kikifa, watu hawakiachi kilale. Wanachukua bati, tofali, pipa, mbao, na udongo wenyewe ukifaa. Ubaruku tuliwahi kusafisha ghala la zamani la dawa za wadudu jirani na mashine za kukoboa mpunga, na ghala lenyewe lilituchukua wiki moja tu. Mapipa yake yalituchukua miezi. Yalikuwa kwenye nyumba za watu, mengine yana maji, mengine yana mbegu ya mpunga, na moja lilikuwa limekatwa vizuri kabisa likawa beseni la kumwogeshea mtoto. Bila ule mzunguko wa salamu tungefunga geti, tukapiga picha, tukarudi Mbeya tukiwa tumefurahi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kekee ya mkono ya kutobolea ardhi, futi kamba, vigingi, mifuko ya sampuli, kalamu ya wino usiotoka na daftari la jalada gumu. Mzee aliosha kekee mara tatu kati ya shimo na shimo, na akikuona umeosha mara mbili anakurudisha bila kusema kitu, ananyoosha kidole tu kwenye ndoo. Sheria nyingine ilikuwa ya chakula. Ndani ya uzio huli, hunywi, huvuti sigara, huweki hata bigijii mdomoni. Unatoka nje, unanawa hadi viwiko, ndipo unakula. Nimeitekeleza sheria hiyo miaka yote ya kazi, na mtaona ilinifikisha wapi.

Kile kiwanja cha Kilolo kilikuwa cha kutibu nguzo za umeme. Miti ilikuwa inaingizwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma, inashindiliwa dawa ya kijani, halafu inatandazwa uwanjani ijichuje. Dawa hiyo ina shaba na ina aseniki, na ndiyo maana nguzo haziliwi na mchwa. Kiwanda kilishakufa zamani, mtungi umeuzwa chuma chakavu, lakini uwanja wa kujichujia ulikuwa umekunywa dawa miaka na miaka. Mvua ikinyesha vidimbwi vilikuwa na rangi ya kupendeza sana. Tulitakiwa tuchimbe udongo wote ule, tuuzike kwenye shimo kubwa lililotandikwa udongo wa mfinyanzi na nailoni nzito, tufunike, tuzungushie uzio wa kudumu.

Mzee Mwanjala mguu wake ulikuwa umeanza kidonda kwa sababu ya sukari, akabaki Mbeya. Kikosi nikapewa mimi. Nilifika pale na watu kumi na wawili, mvua za vuli zinakaribia, na shimo likijaa maji kabla ya kufunikwa kazi yote imeharibika. Nikahesabu siku, nikaona hazitoshi. Nikafungua geti siku ileile ya kwanza. Ule mzunguko wa salamu nikasema nitaufanya tukipata nafuu.

Haya, chakula. Nje ya uzio, hatua kama mia mbili, alikuwa anakaa mama mmoja mjane, Mama Luvanda. Alikubali kutupikia. Kila saa sita tunanawa hadi viwiko, tunavua ovaroli, tunakwenda kwake kwa adabu zote. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi bila kucheka, anayesema neno la kukuvunja mbavu huku uso wake umetulia kama yuko kanisani. Ugali wake wa dona na maharage aliyoyaunga kwa nyanya za Ilula, zile za kununua kwenye ndoo barabarani, sijaupata mahali pengine na sasa sitaupata. Siku ya kwanza aliniambia nimekonda kama kijiti cha kupandishia nyanya. Siku ya pili akaniwekea chakula changu kando, kingi. Siku ya tatu akaniita mwanangu.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa kidato cha pili. Hamkuwa mnajua, sikuwa nasema. Kwa hiyo mwanamke mzima wa miaka thelathini na kitu, mkuu wa kikosi, nikawa namaliza kula na sitaki kuondoka. Wenzangu wakirudi kazini nabaki dakika tano, nimeegemea ukuta wa jikoni kwake, namsikiliza. Naukumbuka ule ubaridi wa ukuta mgongoni. Hata leo nikichoka mgongo wangu unautafuta.

Ilikuwa nyumba nzuri. Matofali mabichi ya kawaida, lakini ilikuwa imesiribwa laini, ndani na nje na sakafu, kwa udongo wenye ukijanikijani kwa mbali. Aliisiriba mume wake kwa mikono. Mzee Luvanda alikuwa kibarua wa kile kiwanda. Nyumba yao ya kwanza ililiwa na mchwa mpaka paa likawaangukia, akamwahidi mkewe kwamba atamjengea nyumba ambayo mchwa hawataigusa, na akaijenga. Juu ya mlango, udongo ukiwa mbichi bado, alibandika kiganja chake cha kulia. Alama ilikuwa pale, vidole vitano, kimoja kimepinda. Alikufa kabla sijafika. Asubuhi Mama Luvanda akitoka nje alikuwa ananyanyua mkono anaigusa, bila kuangalia, kama mtu anayezima taa.

Na sisi tuliisifia nyumba ile. Hapo ndipo nataka mnicheke vizuri. Watu kumi na watatu, wataalamu wa udongo unaofukuza mchwa, tumekaa miezi miwili ndani ya nyumba isiyo na mchwa, katika nchi ambayo ukisahau jembe nje wiki moja unakuta chuma peke yake, na kila siku kuna mtu anasema, mama, nyumba yako haina mchwa, una bahati. Anashukuru. Tunaendelea kula.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumamosi moja jioni. Jumapili sikuwa na kazi, nikaenda kwake baada ya ibada. Kitongoji kizima kilikuwa nje, watu na madishi na ndoo, wanakusanya kumbikumbi. Wametoka kila mahali, kwenye kuta za nyumba, njiani, chini ya magogo. Uwanjani kwa Mama Luvanda palikuwa kimya. Hakuna hata mmoja. Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli tupu, ananiambia kwamba kila mwaka inabidi akaombe kwa majirani kama yatima, kwake hawa wadudu wanapaona pachungu. Akaenda kuomba. Mimi nikabaki nimesimama uwanjani, nikaangalia chini, nikaangalia ukuta, nikaangalia kule kwenye uzio wetu.

Nilirudi kuchukua kekee. Nilichimba nyuma ya nyumba karibu na msingi, nikakwangua na kipande cha ukuta, nikaiosha kekee mara tatu, nikaweka sampuli kati ya zile za uwanjani bila jina, namba tu. Zikaenda maabara.

Majibu yalikuja Jumatatu, wiki tatu baadaye. Ukuta wa Mama Luvanda ulikuwa mbaya kuliko baadhi ya sehemu za uwanja tulizokuwa tunazichimba na barakoa usoni. Nikaikunja ile karatasi, nikaiweka kwenye mfuko wa ndani wa begi. Saa sita nikanawa hadi viwiko, nikaenda kula.

Nimejaribu mara nyingi kuandika sababu na zote zinanuka. Nilijua nikisema, nyumba inabomolewa, na mimi ndiye nitakayesimamia. Nilijiambia nitasubiri Mzee Mwanjala apate nafuu. Nilijiambia yule mama amekaa humo miaka mingi, siku chache zitaongeza nini. Ukweli ni kwamba nilikuwa nataka kuitwa mwanangu Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi.

Sasa binti yake, Upendo, alikuwa ameolewa Idodi, na wiki mbili hizi alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungulia mimba ya kwanza. Tumbo la miezi saba. Msichana mpole, mvivu kidogo, anapenda kukaa kwenye kigoda jikoni ameegemea ukuta palepale ninapoegemea mimi. Jumamosi ya wiki ileile nilimkuta kigodani, nikaona ukutani, usawa wa bega lake, kuna mashimo madogo. Mengi. Mapya, yana alama za kucha. Mdomo wake ulikuwa unatafuna polepole.

Mnajua wenyewe wanawake wenye mimba na udongo. Sokoni unauzwa umepangwa kwenye sinia. Nikamuuliza anakula nini. Akaona haya, akafunika mdomo, akasema wa dukani hauna ladha, huu wa nyumbani una chumvichumvi, ndiyo mtoto anautaka.

Sikumbuki nilimwambia nini. Nilimnyanyua kwenye kigoda, hilo nakumbuka. Halafu nikatoka mbio hadi kwenye kichuguu kilichokuwa ng'ambo ya njia, maana mtandao ulikuwa unapatikana juu yake tu, nikampigia Mzee Mwanjala. Nikamweleza yote, kumbikumbi, karatasi, Upendo. Nilikuwa nangoja anikaripie kuhusu ule mzunguko wa salamu, au kuhusu karatasi. Akauliza jambo moja.

"Siku sita hizi umekula wapi?"

Nikamwambia, palepale.

"Mchukue huyo binti leo hii umpeleke hospitali Iringa," akasema. "Mama yake utamwambia mwenyewe, usimtume mtu. Mimi nakuja." Na akaja, na bandeji mguuni, kwa basi.

Tulimpeleka Upendo jioni ileile kwa gari letu, akalazwa, wakaanza kumpima. Mama yake alikwenda naye akidhani ni presha ya mimba, maana ndivyo nilivyomwambia ili apande gari haraka. Jumapili nikamkuta kwenye benchi nje ya wodi. Nikapiga magoti, nikamsalimia kamwene, akaitikia, nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kama nilivyofundishwa, bila maneno makubwa. Udongo wa kiwandani una sumu, ndiyo hiyo inayofukuza mchwa. Mzee wako aliuchukua hakujua, hakuna aliyemwambia. Nyumba haikaliki. Nikaitaja na ile karatasi, kwa sababu nilijua nikiificha tena sitaweza kuitoa.

Hakupandisha sauti. Akaniuliza nilijua lini.

"Jumatatu, mama."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, kwenye goti lake. Akafika Jumamosi akaacha.

"Jumatatu mwanangu mimi alikuwa anakula ukuta," akasema. "Na wewe ulikuwa unakula ugali wangu, unamwangalia."

Nilimwambia nilikuwa sijaona, kwamba niliona Jumamosi. Ni kweli, sikuwa nimeona. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya, mtaalamu. Asante kwa kunieleza." Tangu siku hiyo aliniita mtaalamu. Hakuniita vibaya, hakunitukana, alinisalimia kila tulipokutana na kuniuliza hali ya kazi. Mtaalamu.

Tuliibomoa mwezi uliofuata. Zilikuwa nyumba nne kwa jumla, na vihenge viwili, maana Mzee Luvanda alikuwa mkarimu na aliwagawia majirani udongo wake mzuri. Mzee Mwanjala alifanya ule mzunguko ambao mimi niliuruka, akichechemea na fimbo, akiuliza swali lake. Hakunisimanga hata mara moja. Angenisimanga ningeshukuru.

Siku ya nyumba yake, Mama Luvanda alikuja akasimama nje ya kamba tuliyozungusha. Sisi tuko ndani na barakoa na glavu, yeye nje na kitenge chake. Vijana walipofika mlangoni akaniita kwa mkono. Akaniomba kile kipande cha juu, chenye kiganja. Hicho tu. Alisema atakiweka ndani ya kabati, hatakigusa, hata mfuko atakitilia. Alikuwa amekuja na mfuko.

Nyie mliosoma kanuni mnajua jibu. Hakipimiki kwa upole kitu kile, kinamomonyoka, vumbi lake ndilo sumu yenyewe, na ndani ya nyumba mpya tuliyokuwa tumjengee kulikuwa kunakuja mtoto mchanga. Nikamwambia hapana. Nilimwambia kupitia barakoa, na nikajichukia kwamba sikuweza kuivua. Akaukunja mfuko, akautia kwapani.

Kipande kile sikuwaachia vijana na sururu. Nilikikata mwenyewe kwa msumeno wa mkono, nikilowesha maji vumbi lisiruke, nusu siku, na Mzee Mwanjala akawazuia wote wasinihimize. Kilitoka kizima. Nikakibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye shimo. Shimo, ambalo tangu mvua ya kwanza tulikuwa tunalifunika turubai kila jioni, lilikuwa karibu limejaa, tabaka la mwisho. Nikakilaza chali, kiganja juu, nikapima kwa futi kamba kutoka kigingi cha kona mpaka pale, nikaandika kwenye daftari. Ndipo nikatoa ishara wafunike.

Upendo alijifungua Iringa, mtoto wa kike, mdogo kama mkate wa nusu, lakini alilia. Amekua, ana maisha yake, mzima. Alichelewa sana kusema. Daktari aliniambia watoto wengine huchelewa tu bila sababu. Nimekuwa nikijiambia hivyo miaka yote, na hakuna mtu atakayeniambia zile siku sita zilikuwa na thamani gani kwake.

Baada ya hapo nimefanya kazi nyingine nyingi, kubwa kuliko ile, na mnazijua, ripoti zake ziko kabatini. Mzee Mwanjala walimkata mguu, kisha akafariki Mbeya, na kofia yake ya sufu mjane wake akanipa. Kila mwanzo wa kazi nimezunguka kwanza. Kutwa nzima, salamu, swali moja. Wengine wenu mlinung'unika, niliwasikia. Na kila mwaka, baada ya mvua za kwanza, nilikuwa narudi Kilolo kukagua lile shimo, hata nilipokuwa na watu wa kuwatuma.

Mwaka wa kwanza Mama Luvanda hakutokea. Mwaka wa pili alikuja mpaka kwenye uzio, akasimama, akaangalia ndani kwenye nyasi. Nikasogea upande wangu wa waya. Tukasalimiana. Akauliza kiko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, lakini nyasi ni nyasi, haonyesheki mtu hivyo. Nikapima tena na futi kamba kutoka kona, nikasimama pale juu, nikainua mkono ili aone.

Akaniuliza, "Kinaangalia juu?"

"Kinaangalia juu, mama."

"Haya," akasema, akarudi zake.

Kesho yake nikapigilia kigingi pale, kifupi, usawa wa nyasi, nikakipaka rangi ya kijani ili mkaguzi asikione kwa urahisi. Hakimo kwenye ramani. Ni kosa la kikazi, nilijua, na nilikuwa mkuu wenu nikiwakaripia kwa makosa madogo zaidi.

Nyumba yake mpya tuliyomjengea, ya matofali ya kuchoma, mchwa walianza kuila mwaka wa tatu. Miimo ya milango kwanza. Alinieleza hayo kupitia waya, kwa ule uso wake wa kanisani, akasema wataalamu wamemjengea mchwa nyumba nzuri sana. Nikacheka, nikalia, vyote pamoja, na yeye akangoja nimalize. Mwaka uliofuata nilipofika nilimkuta ameshanitangulia pale uzioni, na bakuli limefunikwa na kitambaa. Akalipitisha juu ya waya kwa mikono miwili. Kumbikumbi wa kukaanga, wa moto bado.

"Kula," akasema. "Hawa wametoka mlangoni kwangu."

Nilikula palepale. Nilitoka nje ya uzio kwanza, nikanawa hadi viwiko, nikarudi nikakaa chini kando yake, nikala bakuli lote. Nilikuwa nangoja neno lile moja, nitakuwa mwongo nikikana. Halikuja. Alichukua bakuli lake, akaniambia nimenenepa, akaondoka. Kila mwaka alileta bakuli. Kila mwaka niliondoka pale nimeshiba na nimengoja.

Mama Luvanda alifariki mwaka niliofungasha vitu vyangu ofisini. Upendo alinipigia, nikaenda kuzika, nikakaa nyuma na wanawake wengine. Ilikuwa kabla ya mvua.

Sasa funguo za ule uzio mnazo nyie. Nendeni baada ya mvua ya kwanza, si kabla, na mtembee juu ya kifuniko chote mkiangalia chini. Mkiona kumbikumbi wametoka mle ndani, hata watatu, jueni mchwa wametoboa udongo wa juu, na mchimbe mkague nailoni siku hiyohiyo. Zungukeni kitongoji kwanza, msalimie, muulize. Na kona ya kaskazini, hatua kumi na nne kuelekea mlima, mtakikuta kigingi kifupi cha kijani ambacho hakuna ramani inayokitaja. Rangi yake itakuwa inabanduka. Msiking'oe. Kipakeni upya, mkanyage pembeni yake, na kama kuna mtu amesimama nje ya waya anaangalia ndani, mwambieni kinaangalia juu.